Ukuta Unaotakiwa Kupitisha

Mwenyekiti, wenzangu wa maabara, wanafunzi, nanyi wageni mlioitikia mwaliko bila kuambiwa kwamba jioni hii ni ya habari za mkojo: asanteni kwa kuja.

Hiki kidumu nimekuja nacho makusudi. Ni kitupu, msihofu. Kinachukua lita mbili, kina mistari ya mililita ubavuni na kifuniko cha kukaza. Mtu anayepimwa uimara wa ukuta wa utumbo hukaa nacho saa 5 au 6, na kila akienda haja ndogo, mkojo wote unaingia humu mpaka tone la mwisho. Mara ya kwanza nilipojipima mwenyewe nilishika masharti yote. Sikula usiku, asubuhi nikanywa ule mchanganyiko mtamu, nikaketi na kitabu. Saa ya tatu simu ikaita. Nikawa naongea huku natembea, nikaingia msalani kwa mazoea, nikatoka. Nilikuwa nanawa mikono nilipokiona kidumu kimenikodolea macho kutoka juu ya meza. Kipimo kikafia hapo hapo. Mwenzangu wa zamu aliniuliza kwa upole kama nitarudia kesho yake. Nikamwambia nina kazi nyingi. Nilirudia baada ya wiki mbili, aibu ilipopoa. Matokeo ya mara hiyo ya pili nitawasimulia, lakini si sasa.

Kwa nini mtu mwenye akili zake timamu akae anakinga mkojo wake mwenyewe? Kwa sababu ukuta tunaoutaka hatuwezi kuuona ukifanya kazi. Tunachoweza ni kutuma mjumbe apite, kisha tukamsubiri upande wa pili.

Ukuta wenyewe ni mwembamba kuliko mnavyodhani. Kati ya kile ulichokula na damu yako pana safu moja ya seli. Moja tu. Unene wake ni kama mikromita 20. Unywele wa kichwani unaupita mara tatu au zaidi. Juu yake kumetandazwa ute, chini yake seli za kinga zimepiga kambi, lakini mpaka ni hiyo safu moja. Zamani tulifundishwa kwamba utumbo ukitandazwa unafunika uwanja wa tenisi. Mwaka 2014 Herbert Helander na Lars Fändriks wa Gothenburg, Uswidi, walipiga hesabu upya wakapata mita za mraba 32 hivi, karibu na nusu ya uwanja wa badminton. Nilisikitika kidogo. Uwanja wa tenisi ulikuwa unanisaidia sana darasani.

Najua kuna mtu anasubiri niseme methali ya ufa na ukuta. Leo haitufai, maana ukuta huu haungoji kupata ufa. Kila siku seli kuukuu zinasukumwa juu, zinadondoka, zinakwenda zao na choo, na mpya zinashika nafasi. Kwa siku 3 hadi 5 hivi safu karibu yote imekuwa mpya. Shikeni hilo, nitalirudia.

Tena ukuta huu haukuwekwa ili uzuie tu. Mtu akiniambia anataka utumbo usiopitisha chochote, namwambia atakufa kwa njaa na kiu. Kazi ya utumbo ni kupitisha. Ugumu uko katika kuchagua: maji haya, chumvi hii, sukari ile, ingia, wewe kipande cha bakteria, baki huko huko.

Kuna zaidi ya njia moja ya kupita. Ya kwanza ni katikati ya seli yenyewe, kwenye milango ambayo kila mmoja una bawabu wake. Ya pili ni baina ya seli na jirani yake. Kwa muda mrefu watu walidhani pale seli zimegandishwa kwa namna ya saruji, basi. Mwaka 1963 Marilyn Farquhar na George Palade, kwa darubini ya elektroni, walionyesha jinsi viungio hivyo vilivyopangika. Miaka ya 1990 Shoichiro Tsukita na wenzake huko Japani wakaanza kuzitambua protini zake: okludini mwaka 1993, kisha klaudini mwaka 1998. Klaudini ziko za aina nyingi. Nyingine zinaziba. Nyingine, ajabu yake, kazi yao ni kutoboa: zinatengeneza vitundu vidogo sana vya kupitisha maji na chumvi, na ukubwa wa kitu ukizidi kidogo tu hakipiti. Kando ya vitundu hivyo kuna mianya mikubwa zaidi, lakini michache. Halafu kuna njia ambayo hakuna aliyeipanga, nayo ni kidonda: seli zimekufa, ukuta haupo, kila kitu kinaingia.

Kwa hiyo mtu anaposema "utumbo wangu unavuja", mimi huuliza: unavuja nini, sehemu gani, kwa njia ipi? Hata fundi wa paa humwambii tu kwamba nyumba inavuja. Unampeleka chumba chenyewe.

Sasa turudi kwenye kidumu. Ule mchanganyiko mtamu una sukari mbili, na wazo hilo lilikuzwa Uingereza na I. S. Menzies katika miaka ya 1970. Alitafuta vitu ambavyo mwili hauna matumizi navyo, ambavyo vikishaingia kwenye damu figo huvitoa kama vilivyoingia. Kimoja kidogo, kingine kikubwa. Kidogo ni manitoli, uzito wa molekuli yake ni 182. Kikubwa ni laktulosi, 342. Laktulosi baadhi yenu mnaijua kwa jina la dukani, ndiyo ile dawa tamu ya maji ya kulainisha choo. Tunapima kama gramu 5 za laktulosi na gramu 1 au 2 za manitoli, tunakoroga kwenye maji, mtu anakunywa. Kwa mwenye afya njema, sehemu ya manitoli inayorudi kwenye mkojo ni kama asilimia 10 hadi 20. Laktulosi haifiki hata asilimia 1. Kisha tunagawanya: laktulosi kwa manitoli.

Kugawanya huko ndiko kunakofanya kipimo kiwe cha werevu. Tumbo la mtu likichelewa kumwaga, sukari zote mbili zinachelewa. Figo zikiwa nzito, zote zinapungua. Ukizigawanya, dosari hizo zinafutana. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunibana hapa: kama ni hivyo, kukosa mkojo wa mara moja kunaharibu nini, si zote mbili zimepotea? Swali zuri, na nilijikuna kichwa kabla sijajibu. Uwiano unasamehe kosa linalozigusa sukari zote kwa kadiri ile ile. Lakini hizi hazitoki kwa mwendo mmoja. Ukipoteza fungu la saa ya tatu, hujui umepoteza zaidi ya ipi. Na isitoshe, uwiano peke yake hautoshi. Tunahitaji kuangalia kila sukari kivyake.

Sababu ni hii. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vidole vidogo mno, mamilioni, vinavyoongeza eneo la kufyonzea. Manitoli hupita kwa wingi kulingana na eneo hilo. Sasa chukua mgonjwa wa siliaki, ambaye kinga ya mwili wake huuharibu utumbo kila anapokula gluteni, protini ya ngano. Vidole vyake vimelala, eneo limepungua, basi manitoli yake inashuka. Laktulosi nayo inapanda kwa kuwa viungio vimelegea. Uwiano unaruka juu. Lakini mtu mwingine anaweza kuwa na uwiano ule ule kwa sababu manitoli imeshuka tu, bila laktulosi kusogea. Karatasi ya majibu inaonyesha namba moja. Mmoja ana mianya, mwingine amepungukiwa na eneo. Nimeshaona ripoti nyingi zikiandika uwiano na kuacha sukari zenyewe, na kila mara nazirudisha.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni jinsi sukari zinavyotuambia mahali. Laktulosi ikifika utumbo mpana, bakteria wanaila. Kwa hiyo ile tunayoikuta kwenye mkojo wa saa za mwanzo kwa kiasi kikubwa imepenya utumbo mwembamba. Sukari ya kawaida ya mezani, sukrosi, inavunjwa mara tu inapoingia utumbo mwembamba. Ukiikuta nzima kwenye mkojo, ujue imepenya kabla ya hapo, yaani tumboni penyewe. Sukralosi, ile tamu ya kutengenezwa, haivunjwi na mtu wala na bakteria, inasafiri mpaka mwisho; mkusanyie mtu mkojo wa saa 24 utapata habari za utumbo mpana pia. Yaani unamnywesha mtu glasi moja, kisha mkojo wake unakuchorea ramani. Nimeifanya kazi hii miaka, bado inanifurahisha.

Ila ramani hiyo inachafuka upesi. Manitoli imo kwenye uyoga, na kwenye baadhi ya chingamu na pipi zisizo na sukari. Mtu anakuja hajala tangu jana, amefuata kila sharti, lakini njiani ametafuna chingamu ili kinywa kisinuke. Mkojo wake wa kwanza, kabla hajanywa chochote chetu, tayari una manitoli. Ndiyo maana watafiti wengi wamehamia kwenye manitoli yenye kaboni-13, ambayo mashine inaitofautisha na ya chakula. Dawa za maumivu jamii ya aspirini na ibuprofeni nazo zinaweza kuinua kipimo ndani ya siku moja. Pombe vilevile. Mwaka 1984 Ingvar Bjarnason na wenzake huko Uingereza waliwapima walevi wasio na ugonjwa wa ini uliokomaa, wakitumia kemikali yenye mnunurisho badala ya sukari. Walioacha kunywa chini ya siku 4 karibu wote walipitisha kuliko kawaida, na kwa wengi hali hiyo iliendelea hadi wiki 2. Kwa hiyo nikimuuliza mtu alikunywa lini mara ya mwisho, simhukumu. Nataka tarehe.

Wanaotaka kuuona ukuta wenyewe hukata kipande kidogo cha utumbo kwa kamera ya tumboni, wakakifunga kama pazia kati ya vyumba viwili vya maji. Chombo hicho kina jina la Hans Ussing wa Copenhagen, aliyekitumia kwa ngozi ya chura. Andiko lake maarufu na Karl Zerahn ni la mwaka 1951. Umeme unapita upande huu kwenda ule, na jinsi unavyopata taabu kupita ndivyo ukuta ulivyobana. Wengine hawana kipande hicho, wanaotesha seli. Zinazotumika zaidi zinaitwa Caco-2, zilitoka kwenye saratani ya utumbo mpana ya mzee wa miaka 72. Ukiziacha wiki tatu kwenye chombo hujipanga safu na kuanza kujifanya utumbo mwembamba. Saratani ya utumbo mpana imegeuka mwalimu wa utumbo mwembamba! Kampuni za dawa duniani kote huzitumia kubashiri kama kidonge kitafyonzwa. Ni kipimo safi, hakina chingamu wala simu inayoita, lakini pia hakina ute wa kutosha, hakina bakteria, hakina damu. Kizuri cha maabara ni kwamba kimya ni kingi, na kibaya chake ni hicho hicho.

Sasa niseme lililonileta hapa hasa.

Watu hawapendi kidumu. Wanataka tone la damu, jibu kesho. Mwaka 2000 Alessio Fasano na wenzake walieleza protini waliyoiita zonulini, inayolegeza viungio vya seli, na mwaka 2009 wakaitambua kuwa ni pre-haptoglobini 2. Huo ulikuwa ugunduzi wa kusisimua kweli. Vifaa vya kupima zonulini kwenye damu na kwenye kinyesi vikaingia sokoni, na tafiti kwa mamia zikavitumia. Halafu mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani wakafanya jambo ambalo lilitakiwa kufanywa mwanzoni: wakaangalia vifaa vile vinashika nini. Havikuwa vinashika pre-haptoglobini 2. Kuna watu ambao kwa urithi wao hawawezi kabisa kuitengeneza protini hiyo, na bado kifaa kiliwapa namba. Ni kama mwanamume kupimwa ujauzito akaambiwa ana miezi mitatu. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti likafika pale pale.

Hata hivyo karatasi za zonulini bado zinaletwa kwangu. Mwaka jana alinijia dada mmoja na yake, imepigwa rangi nyekundu, na orodha ya vyakula 30 alivyokatazwa na aliyemuuzia kipimo. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza dalili zake, akanitajia choo chenye damu. Hakuna kwenye karatasi ile aliyeuliza habari ya damu. Nilimpeleka kwa daktari siku ile ile.

Simaanishi damu haina lolote la kutuambia. Kuna protini ya seli za utumbo, kwa kifupi I-FABP, inayomwagika kwenye damu seli zinapokufa. Kuna sitrulini, inayotuambia seli za kufyonza zimebaki nyingi au chache. Kuna kupima sumu za ukuta wa bakteria kwa kitendanishi kinachotokana na damu ya buluu ya mnyama wa baharini mwenye gamba kama kofia ya chuma. Ni hadithi tamu, ila damu ya binadamu ina vitu vinavyokivuruga kitendanishi hicho, na ini nalo linazisafisha sumu zenyewe kabla hujazikuta. Vyote hivi vina mahali pake. Lakini seli kufa ni habari moja, seli kuachana ni habari nyingine, na anayekuuzia kimoja kwa jina la kingine anakuibia.

Na zile sukari mbili zimezaa nini? Zimezaa mambo ambayo tone la damu lisingetupa. Mwaka 1991 Peter Lunn na wenzake walichapisha kazi ya kuwafuatilia watoto wachanga wa Gambia mwezi baada ya mwezi, wakipima uwiano wa sukari pamoja na kimo na uzito. Kadiri uwiano ulivyokuwa juu, ndivyo mtoto alivyodumaa. Waliona kwamba hali ya utumbo ingeweza kueleza hadi asilimia 43 ya kudumaa huko. Watoto hao wengi hawakuonekana wagonjwa. Kwa kukinga mkojo wa watoto, kazi ambayo aliyewahi kuijaribu hatanicheka tena kuhusu simu, walifungua mlango ambao bado tunapita.

Kazi nyingine ni ya ugonjwa wa Crohn, ule wa kudumu unaotia utumbo uvimbe na vidonda. Wagonjwa wa Crohn uwiano wao uko juu, hilo linajulikana. Ubishi ulikuwa: ukuta ulilegea ndipo ugonjwa ukaja, au ugonjwa ndio uliobomoa ukuta? Ukimpima aliyekwisha kuugua huwezi kujua. Basi wakachukuliwa ndugu wa wagonjwa, watu 1,420 wasio na dalili yoyote, wakanywa sukari, wakakinga mkojo, wakafuatiliwa kwa miaka. Majibu yalitoka mwaka 2020. Kati yao 50 waliugua, na waliokuwa na uwiano uliozidi 0.03 walikuwa na hatari kama mara tatu ya wenzao. Ukuta ulikuwa umebadilika kabla, kwa wengine zaidi ya miaka mitatu kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Sasa mgeukie mtu mmoja mmoja: wengi wa wale waliozidi 0.03 hawakuugua. Kipimo kinachosema kweli kuhusu kundi kinaweza kukaa kimya kuhusu wewe.

Kabla sijapanda hapa, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, basi mimi nikapime au nisipime?" Nilimwambia tutaongea mbele ya wote, kwa hiyo mama, samahani, zamu yako imefika. Kama tumbo linakusumbua, mwambie daktari akutafutie siliaki, akutafutie uvimbe wa utumbo, akuulize dawa unazomeza. Hayo yana vipimo vinavyojulikana na tiba zinazojulikana. Kidumu changu ni cha utafiti; hospitalini bado hakijapewa kazi ya kumwambia mtu wa kawaida kwamba utumbo wake unavuja au hauvuji. Nakipenda, lakini sitakudanganya kwa ajili yake. Ukitaka kujitolea kwenye utafiti, hiyo ni habari nyingine, na nitakupa kidumu leo leo.

Niliahidi matokeo yangu. Mara ya pili nilizima simu. Nilikinga kila tone kwa saa 5, nikaandika jumla yake, nikachukua kichupa kidogo kikaenda kwenye mashine. Foleni ilikuwa ndefu, majibu yakatoka baada ya siku 8. Manitoli asilimia 14, laktulosi chini sana, uwiano chini ya 0.03. Mwenzangu wa zamu akanipa mkono kunipongeza. Nikamkumbusha kwamba ni siku 8, na seli zile zilizopimwa nilishazitoa chooni zote.